Pande Elfu Mbili za Kushoto

Haji Maqbool alikunjua leso yake juu ya meza ya kazi, akatoa upande mmoja wa mkasi, akauweka katikati taratibu, kama mtu anayeweka pete ya uchumba mbele ya wakwe. Kisha akakaa, akasubiri kusifiwa.

Inayat aliutazama. Akaiinua leso aone kama kuna kitu kingine chini yake. Akaikung'uta.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Hana mwenzake, Ustad. Nataka pande elfu mbili za kushoto kama huu, kabla Januari haijaisha."

"Na za kulia?"

"Za kulia hazikuhusu. Zinatengenezwa Malaysia."

Zubaida, mke wa Inayat, alikuwa ameketi sakafuni kwenye mashine ya kung'arisha, pua ameifunga kwa mtandio. Aliizima mashine ili acheke vizuri.

"Haji, siku hizi Wajerumani wananunua na suruali za mguu mmoja?"

"Cheka, Mama Tahmina, cheka. Lakini sikiliza." Haji alikuwa amesafirisha mikasi ya upasuaji kwenda ng'ambo muda mrefu, na hakuna jambo alilolipenda kama kueleza biashara kwa watu wasioweza kuondoka. "Mkasi mzima ukifika kule unatozwa ushuru wa mkasi. Ukiingia dukani unakutana na mikasi ya dunia nzima. Lakini upande mmoja, haujaungwa, haujapigwa chapa, huo hauna adui. Unapita kama kipande cha chuma. Mjerumani anachukua wa kushoto hapa Sialkot kwa sababu sisi tunaijua tupa, wa kulia anauchukua Malaysia kwa sababu wana mashine zisizolala. Anaunga mwenyewe, anapiga chapa yake, anauza. Sasa niambie wewe, Ustad. Mwaka jana nilikuletea mikasi mizima mingapi?"

"Mia tatu."

"Leo nimekuletea elfu mbili."

"Nusu elfu mbili."

"Nusu elfu mbili zikikubaliwa, una kazi mwaka mzima. Zisipokubaliwa, sina kingine cha kukuletea. Mizima hainunuliwi tena."

Macho ya Inayat yalikwenda ukutani, kwenye msumari ulio karibu na mlango. Hapo ilining'inia kofia ya mlinzi, ya buluu, yenye mistari miwili ya njano, na filimbi ikiwa imefungwa kwenye ukingo wake. Aliileta dada yake Kausar wiki iliyopita. Mume wa Kausar, Siraj, alikuwa mkuu wa walinzi katika kiwanda cha mipira, na alikuwa amemshikilia shemeji yake nafasi ya kukaa getini hadi mosi wa Machi. Kofia ilikuwa kubwa. Inayat alipoijaribu ilimshuka hadi kwenye nyusi, na Kausar akasema hiyo ni nafuu, itamkinga jua.

"Lete chuma chako," Inayat alisema.

"Na sharti moja," Haji alisema, akiinuka. "Karatasi ya forodha itasema ni pande tupu, hazijaungwa. Wakikuta hata mkasi mmoja mzima ndani ya mzigo, karatasi yangu ni ya uongo, mzigo wote unarudi, na mteja haji tena. Tumeelewana?"

"Haji, mimi niweke mzima kwenye kazi ya nusu? Unanijua kwa ukarimu huo?"

*

Habari ilifika mtaani kabla Haji hajalipanda gari lake.

Asubuhi yake Inayat alikwenda kwa Shaukat muuza chai, kama alivyofanya kila siku Mungu aliyoileta. Shaukat alimimina, akaishia nusu ya kikombe, akamsogezea.

"Hii nini?"

"Chai ya kushoto, Ustad. Ya kulia inachemshwa Malaysia."

Wanaume waliokuwa wakiota moto karibu na jiko walichekea ndani ya mashuka yao. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti kwamba yeye naye amefungua mkataba mpya: atamnyoa Ustad shavu moja, jingine asafirishe. Mtu mmoja alitaka kujua kama mchana atakwenda msikitini na kiatu kimoja. Inayat aliinywa ile nusu yake, akalipa bei ya kikombe kizima, akaondoka amenyooka kama rula. Shaukat alimfuata mbio hadi kwenye kona kumrudishia chenji, na Inayat akamwambia aitume Malaysia.

Nyumbani alimkuta Kausar amejiegesha kitandani, miguu ndani ya blanketi, anamenya karanga.

"Kaka, nimesikia. Sitaki kusema neno," alisema, akasema mengi. "Mtu mwenye jina lako. Mikasi yako imekata vitovu vya watoto wa mawaziri. Leo unatengeneza vijiti. Siraj anasema getini angalau geti ni zima."

"Wifi, getini kuna upande wa ndani na wa nje," Zubaida alisema kutoka jikoni. "Siraj naye analinda nusu."

Kausar alimenya karanga nyingine. "Kofia imekutosha, kaka?"

"Kichwa bado kinakua," Inayat alisema, akaingia kazini.

*

Kazi ilikuwa na kasoro moja, nayo ilimtesa kuliko vicheko vyote.

Upande wa mkasi, hata uwe mzuri namna gani, hausemi kitu ukiwa peke yake. Fundi wa kuoanisha hutia pande mbili kwenye skrubu, huzifunga pole pole karibu na sikio, na husikia. Zikipita sawa, mlio ni mmoja, mwembamba, tangu shinani hadi nchani, kama mtu anayechana hariri. Zikigombana, kuna mahali panakwaruza, na hapo ndipo tupa inapokwenda. Kisha hukata pamba iliyoloweshwa, kwa sababu pamba kavu inakatwa hata na kisu cha vitunguu. Inayat alikuwa ameshapiga tupa pande arobaini, zimelala mezani zinang'aa, na hakujua hata mmoja kama unaimba au unakwaruza.

"Ninapeleka mabubu," alimwambia binti yake. "Elfu mbili, na sijasikia sauti ya hata mmoja."

Tahmina alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana alimsaidia baba yake kupima na kufunga, jioni alikwenda darasani kusoma biashara, na usiku alimsahihisha kila mtu.

"Tatizo lako si nusu, Baba. Tatizo lako ni kiburi."

"Kiburi kimekulisha."

"Sikatai. Lakini niambie, hicho chuma kimetoka wapi?"

"Kwa Haji."

"Na Haji?"

"Japani, anasema."

"Nani amekifua kikapata umbo?"

"Wale vijana wa kule relini."

"Nani amekikaza motoni?"

"Mzee Niamat. Unajua mwenyewe."

"Tupa yako ya nchi gani?"

Inayat aliigeuza, ingawa alijua. "Uswisi."

"Basi, Baba, maisha yako yote hujatengeneza mkasi mzima hata mmoja. Umetengeneza ule mguso wa katikati tu, kitu kidogo sana, na hakuna anayekuweza. Ndivyo dunia nzima inavyofanya sasa. Kila mtu anashika anachokiweza kuliko wengine, halafu kitu kinasafiri kabla hakijakamilika, kwa sababu meli imekuwa rahisi na simu imekuwa rahisi. Kinavuka mpaka mara tatu, mara nne, ndipo kinapata jina. Ukiona nusu inasafiri, jua kuna nusu nyingine mahali fulani inaisubiri."

"Na kama hazipatani?"

Darasani walikuwa hawajafika hapo.

"Naam," Inayat alisema. "Hilo la kwangu."

Akavuta droo, akatafuta kati ya vyuma vya zamani, akatoa upande wa kulia uliobaki bila mwenza tangu mwaka ambao Tahmina alizaliwa. Aliushughulikia siku nzima. Aliukunja kidogo, akaunyoosha, akaukunja tena, akaupatanisha na ule upande aliouleta Haji hadi mlio ukawa mmoja, tangu shinani hadi nchani. Kwa ndani, mahali pasipoonekana, akagonga alama yake: vitone vitatu na mkwaruzo. Kisha akachukua upande wa kwanza kati ya arobaini, akautia skrubu pamoja na ule wa kulia, akaufunga sikioni. Ukakwaruza. Akapiga tupa mara mbili. Ukaimba. Akaufungua, akachukua wa pili.

Zubaida aliacha mashine, akaja kutazama.

"Kwa hiyo huyu mmoja atawapitia wote elfu mbili?"

"Wote."

"Maskini bwana harusi. Baba Tahmina, wewe mmoja tu amekushinda."

Inayat alicheka hadi tupa ikamdondoka. Tangu siku hiyo ule upande uliitwa Bwana Harusi, na nyumba nzima ikafanya kazi kwa wimbo wake. Zubaida aling'arisha, Tahmina alipima, Inayat alisikiliza. Wakila mboga ya haradali na mkate wa mahindi, Bwana Harusi alilazwa juu ya kitambaa safi katikati ya sahani. Pande mia moja na tisa zilikwaruza, zikaponywa. Shaukat, aliyekuja kuulizia habari, aliruhusiwa kusikiliza mmoja, na baada ya hapo alimimina vikombe vilivyojaa.

*

Siku ya kufunga mzigo walikesha kidogo, wakaamka mapema. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba punda wa jirani alisikika tu, haonekani. Saa nne gari la Haji lilichukua masanduku yote, kila upande ndani ya karatasi yake ya mafuta. Inayat alinawa mikono, akanywa chai, akala kipande cha sukari guru, akakaa mezani kumfuta Bwana Harusi vumbi.

Bwana Harusi hakuwepo.

Walitafuta kwenye droo, chini ya mashine, ndani ya birika. Zubaida alikung'uta mtandio wake. Inayat alisimama katikati ya chumba, akaitazama mikono yake mwenyewe, na rangi ikamtoka.

"Upande wa mwisho," alisema. "Niliutia skrubu. Nikasikiliza. Ukaimba."

"Halafu?"

"Halafu nikaufunga kwenye karatasi."

"Ulitoa skrubu kwanza, Baba, au uliufunga hivyo hivyo?" Tahmina aliuliza.

Hakuhitaji kujibiwa. Kwa miaka thelathini na minne mikono ile ilikuwa imekaza skrubu, ikasikiliza, ikafunga kwenye karatasi, ikaweka ndani ya sanduku. Upande wa mwisho ulipoimba vizuri kuliko yote, mikono ilifanya ilichozoea. Kati ya pande elfu mbili zilizoandikwa kwenye karatasi ya forodha, mkasi mmoja mzima ulikuwa safarini.

Tahmina alikuwa ameshatoa pikipiki. Zubaida alimtupia mumewe shali, na kwa kuwa baridi ilikuwa inakata masikio na kitu cha karibu kilikuwa kile cha msumarini, alimkandamizia kofia ya Siraj kichwani.

"Si hiyo."

"Panda."

Walikwenda mwendo wa kipofu hadi kwenye bohari la forodha nje ya mji. Filimbi ilimgonga Inayat shingoni njia nzima. Getini mlinzi alikuwa kijana mwenye kofia ya namna ile ile, ila yeye ilimtosha. Alimtazama Inayat kupitia kwenye ukungu na uso wake ukafunguka.

"Mzee, umechelewa, lakini afadhali umekuja. Shika hapa, naenda kunywa chai. Tangu alfajiri sijapata mtu wa kunipokea."

Akampa kijitabu cha magari na kutoweka. Tahmina alikimbilia ofisini kumtafuta karani. Inayat alibaki na kijitabu mkononi na kizuizi mbele yake. Kabla hajaamua lolote, taa mbili za njano zikatokea kutoka ndani, lori likasimama karibu na magoti yake, na dereva akapiga honi.

"Mzee, fungua. Ndege haisubiri."

"Mimi siye..."

Honi ikapigwa tena, na nyuma yake nyingine. Mtu mwenye kofia anapopigiwa honi hubakiwa na njia moja tu. Inayat aliinua kizuizi. Hata akaandika namba ya gari kwenye kijitabu, kwa mwandiko mzuri. Lori lilipompita ndipo alipoona nyuma yake masanduku ya Haji, yamepangwa vizuri, yenye jina la kampuni ya Haji kwa rangi nyekundu, yakiyeyuka ndani ya ukungu.

Tahmina alirudi anahema. "Karani anasema sanduku letu limo kwenye lori linalotoka sasa hivi. Tunaweza kulizuia getini."

Inayat aliteremsha kizuizi taratibu.

"Mlinzi ameshaliruhusu," alisema.

Binti yake alimtazama, akatazama kofia, akatazama barabara. Aliketi juu ya tofali akacheka hadi akalia, na Inayat, ambaye hakuona la kucheka, alijikuta naye ameketi kando yake, kofia imemshuka machoni, mabega yanamtikisika.

*

Jioni ile alikwenda kwa Haji akamwambia. Hakutaka aambiwe na Mjerumani.

Haji alisikiliza hadi mwisho. "Sijasikia," alisema. "Umekuja kunisalimu, nimekusalimu. Rudi nyumbani."

Februari ilikuwa ndefu. Haji hakuja. Mashine ya kung'arisha ilifunikwa shuka. Kausar alikuja mara tatu, na mara ya tatu alileta sindano na uzi ili aipunguze kofia. Inayat alikaa kwenye kigoda, dada yake akimpima kichwa kwa utepe kama mtoto wa shule. "Mosi ni Jumapili," Kausar alisema, akikata uzi kwa meno. "Kaka, fika mapema. Siraj hapendi kuaibishwa." Alipoondoka, Zubaida aliirudisha kofia msumarini na kwa mara ya kwanza hakupata utani wa kusema.

Ijumaa baada ya swala, siku mbili kabla ya mosi, gari la Haji lilisimama mlangoni. Aliingia na barua na kifurushi kidogo, akakaa mahali pale pale, akaomba maji. Wakamletea. Akanywa yote.

"Tahmina asome," alisema. "Mimi nimesoma mara nne, na kila mara naogopa imebadilika."

Tahmina alisoma, akigeuza maneno kadiri alivyokwenda. Forodha haikufungua sanduku lile. Lilifunguliwa na fundi wao mzee, aitwaye Egon, naye alikuta ndani yake mkasi mmoja mzima. Alikuwa karibu kupiga simu. Kisha akaona vitone vitatu na mkwaruzo, akatoa skrubu, akaujaribu ule upande wa kulia na upande mwingine kutoka sandukuni. Ukafunga. Akajaribu mwingine. Alijaribu mia tatu kabla ya chakula cha mchana, na zote zikafunga. Kwa miaka miwili walikuwa wakipokea pande nzuri za kushoto na pande nzuri za kulia zisizopatana, na watu sita walikaa kutwa nzima wakizipatanisha. Sasa Bwana Harusi alikuwa amewekwa ndani ya kijaluba akapelekwa Malaysia, wamtazame na kumfuata.

"Malaysia?" Zubaida aliuliza. "Kwa ndege?"

"Kwa ndege."

"Mimi hata Lahore nimefika mara moja, tena kwa kuumwa jino."

"Ngoja, Mama. Wanataka pande elfu nne za kushoto kila baada ya miezi mitatu, mwaka mzima. Na kila mzigo uende na upande mmoja wa kulia uliotengenezwa na fundi yule yule, uandikwe wazi kwenye karatasi kwamba ni kipimo, ili," Tahmina aliinua macho, "ili asisafiri tena kwa kujificha."

Haji alijifuta jasho, ingawa baridi ilikuwa bado. "Ustad, safari ijayo ukitaka kunikosea, nijulishe mapema nijiandae."

Inayat alikuwa anatazama kifurushi. "Na hicho?"

"Chako. Kutoka kwa yule mzee."

Ndani ya karatasi ya mafuta mlikuwa na upande mmoja wa kulia, wa zamani, umelika kwenye tundu la kidole kwa kushikwa sana. Kwa ndani, mahali pasipoonekana, palikuwa na alama: mikato miwili midogo na kitone. Kijikaratasi kilisema kwamba fundi aliyechukuliwa mwenza wake hawezi kufanya kazi, na huyu alikuwa wake mwenyewe kwa miaka ishirini na sita, kwenye droo, bila mkubwa wake kujua.

Inayat alichukua ule upande wa kushoto ulioletwa na Haji siku ya kwanza ndani ya leso, akautia skrubu pamoja na wa Egon, akaufunga pole pole karibu na sikio. Macho aliyafumba. Haji aliacha kupumua.

"Anakwaruza nchani," Inayat alisema, kwa furaha kubwa. "Huyu Egon mkono unaanza kumzeeka." Akachukua tupa, akapiga mara tatu, akasikiliza tena, akampa mkewe asikilize, kisha binti yake, kisha Haji, ambaye hakusikia lolote lakini alitikisa kichwa kama imamu.

Mlango ukagongwa. Kausar aliingia na kapu la karanga, anahema, maneno ameshayaanza nje.

"Kaka, Siraj anauliza, mosi utafika na chakula chako au..." Alitazama msumari. Ulikuwa mtupu. "Kofia iko wapi?"

Zubaida alitoka jikoni na chai. Birika lilikuwa limevishwa kofia ya buluu, mistari miwili ya njano ikielekea mbele, filimbi ikining'inia kwenye mdomo wake, na tangu Kausar aipunguze ilikuwa inalikaa sawasawa, joto halitoki.

"Kaa, wifi," alisema, akikishika kikombe. "Nikumiminie ya kushoto au nzima?"